Meza ya Saa Kumi na Nusu

Jumamosi, 14 Juni

Tumetua Florida. Joto la kukaanga mtu. Begi langu halijulikani liliko. La Gordy limetoka la kwanza, na mwenyewe akalipigia makofi. Ameshaanza!

Niandike mambo yakae sawa. Mwaka huu nahodha wa safari ya familia ni mimi, Verlyn Stadtmueller wa Sheboygan, Wisconsin. Mwaka jana alikuwa Gordy, kaka wa mke wangu. Hakubuku meza kwenye mkahawa hata mmoja, tukaishia kula bisi za kituo cha petroli kama wakimbizi. Ndipo mama mkwe, Mama Bernadette, akanikabidhi mimi usukani. Alhamisi anatimiza miaka sabini na mitano. Ana ombi moja tu: aketi kwenye roshani ya mkahawa wa Mnara, humu ndani ya bustani ya michezo ya Lagunaland, aangalie fataki zikilipuka juu ya maji huku anakula pai ya ndimu. Baba mkwe alimwahidi hivyo kila mwaka, akafa hajamleta. Mama alinishika mkono mbele ya wote, akasema, "Verlyn, nakutegemea wewe." Gordy alimeza mate. Nilimwona.

Kazi nimeifanya. Miezi miwili iliyopita, siku waliyofungua kubuku, niliamka kabla ya jogoo, nikasimama jikoni na chupi tu, simu mkononi, nikakamata meza za wiki nzima. Zote saa kumi na nusu alasiri. Watu wengine wakianza kugombania viti saa kumi na mbili, sisi tumeshashiba, tunajimwaga kwenye michezo bila foleni. Akili hiyo!

Gordy kasikia, kacheka mpaka kakohoa. Eti, "Shemeji, hizo ni saa za kukamua ng'ombe, si za kumla." Wote wakacheka. Hata Darlene, mke wangu wa ndoa! Kisha Gordy akaniuliza, kwa sauti ya upole ya kinafiki, kwamba kama fataki ni saa tatu usiku na meza yetu ni saa kumi na nusu, hapo katikati tutakuwa tunafanya nini.

Nikamwambia aniachie mimi. Ukweli sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa nalifikiria. Nina hasira hata usingizi hauji.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya Akina Baba. Zawadi: fulana nyekundu iliyoandikwa NAHODHA kifuani. Nimeivaa papo hapo. Gordy akanipigia saluti. Mshenzi.

Meza ya kwanza: mkahawa wa Kapteni Kasa. Tulifika kwa wakati. Hakuna aliyekula. Hakuna! Brielle, binti yetu wa miaka kumi na tano, alichezea chipsi kama mtu anayehesabu madhambi yake. Mama Bernadette akasema nyumbani sasa hivi ni saa tisa na nusu, na tumbo lake bado liko Wisconsin. Nikauliza kwa utaratibu, bila kupiga meza kwa nguvu sana, kwani wameshiba nini. Kumbe mchana, nilipokwenda kuulizia begi langu, Gordy kawanunulia kila mmoja paja la bata mzinga. Paja zima! Kubwa kuliko kichwa cha mtoto! Hujuma ya wazi.

Halafu sanamu la Kasa, vazi kubwa analovaa mtu kuchekesha wageni, likaja kunikumbatia. Mtu aliye ndani ananuka jasho. Kofia yangu ikaangukia mchuzini.

Saa mbili usiku wote njaa inawauma. Foleni ya soseji ilizunguka chemchemi nzima, na aliyekuwa mbele kabisa, akiwagawia watu wangu soseji kama mgombea ubunge, ni nani? Nimechoka kuliandika jina lake.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepiga marufuku chakula cha mchana. Amri. Mwenye njaa anywe maji.

Kufika saa nane Darlene akaona kizunguzungu, akakaa chini kwenye kivuli cha pipa la taka. Nikamkumbusha kwamba imebaki kidogo tu. Akaniambia, mbele ya familia moja ya watu wa Ohio, kwamba kama nataka kuolewa na saa yangu ya mkononi basi nikaoane nayo, yeye anakwenda kununua mkate. Watu wa Ohio wakaangalia pembeni. Aibu ya mwaka.

Lakini saa kumi na nusu, jamani! Walikula! Walikula kama wavunaji. Mbavu, viazi, kamba, mikate. Mama alirudia sahani. Na tulipotoka, nani alikuwa kwenye foleni ya Tufani, lile treni la kupinduka? Hakuna mtu! Niliwaonyesha kile kibao kinachosema muda wa kusubiri. Nikamwonyesha Gordy mara mbili. Nikasema, haya, mwenye macho aone!

Tukapanda. Treni lilipinduka mara ya pili, Brielle naye akapinduka tumbo. Chote alichokula kikaja kifuani kwangu, juu ya herufi za NAHODHA. Gordy amepiga picha. Ameshaituma nyumbani Sheboygan. Padri ameijibu kwa kicheko.

Sijashindwa. Foleni ilikuwa fupi, na hilo hakuna anayelisema.

Jumanne, 17 Juni

Mpango wa Alhamisi umekamilika kichwani. Ni mwepesi: tunaingia saa kumi na nusu na hatutoki. Tunaikalia meza mpaka saa tatu. Mkahawa hauwezi kumfukuza mtu anayeendelea kula. Kwa hiyo tutakula taratibu.

Leo nimefanya mazoezi kwenye mkahawa wa tambi. Jamani, wahudumu wa nchi hii! Bado una tambi mdomoni, bili imeshawekwa mezani, na yule binti anatabasamu, anasema msijali, hakuna haraka. Hakuna haraka! Sasa bili umeileta ya nini, niipake siagi? Nikaagiza supu. Nikaila kijiko kimoja, nikapumzika, nikatazama ukuta. Nilipogeuka bakuli limeshaondolewa. Nikalifuata mpaka mlango wa jikoni. Darlene akanivuta kwa mkanda wa suruali.

Funzo: bakuli lishikwe kwa mkono wa kushoto muda wote.

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Darlene na Gordy wananong'ona. Nikitokea wananyamaza na kuanza kuzungumzia hali ya hewa. Nimewakuta hivyo kwenye veranda, kwenye basi, hata karibu na mashine ya barafu. Gordy simu haimtoki mkononi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, shemeji, wewe tulia tu." Mtu akikuambia utulie, ujue unapinduliwa. Wanataka kuninyang'anya Alhamisi yangu. Waje!

Alhamisi, 19 Juni

Niandike yote kwa mpangilio.

Tuliingia Mnara saa kumi na nusu barabara. Roshani nzima tupu, tukachagua meza ya kona, ya kwanza kabisa kutoka majini. Mama kavaa gauni lake la buluu na hereni alizopewa na marehemu. Akaugusa ukingo wa roshani, akatazama maji, akasema ni pazuri kuliko alivyofikiria. Akanipapasa shavu. Mimi! Nilitamani Gordy aone, na aliona.

Tatizo la kwanza: jua. Saa hizo linapiga pale kona kama tochi ya askari. Mama akajifunika kitambaa cha meza kichwani. Nikamwambia jua linazama lenyewe, hakuna wa kulisukuma.

Saa kumi na mbili bili ikaja. Nikaagiza supu, moja, vijiko vitano. Saa moja bili ikarudi. Nikaagiza mkate. Mama akataka kwenda msalani. Nikamwomba avumilie kidogo, wasije wakaona kiti kitupu wakafikiri tunaondoka. Alinitazama jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu siku ya posa. Akaenda.

Na muda wote huo Darlene ananivuta fulana yangu nyekundu, niliyoifua. Verlyn twende tukatembee. Verlyn tunyooshe miguu, tutarudi, kila kitu kiko sawa. Gordy naye ananikonyeza, jicho mpaka likawa linatoa machozi. Nikajua, ndiyo yale mapinduzi! Nikaushika mguu wa meza kwa mikono miwili. Nikawaambia anayetaka kutembea atembee, nahodha haondoki melini.

Kulipokuwa kunaanza giza, meneja akaja. Dada mmoja mpole, jina lake Rosalind. Akasema samahani sana bwana, meza hii ina wageni wa saa mbili na nusu.

Hapo ndipo nilipolipuka. Nikasimama. Nikasema hao wageni ni akina nani, wafalme? Nikasema watu wanaokula saa mbili na nusu ndio wanaoiharibu Marekani, hawana ratiba, hawana adabu, wanatafuna nyama saa ambayo watu wa maana wanapiga mswaki! Nikasema waje hapa niwaone sura zao! Roshani nzima, ambayo sasa ilikuwa imejaa, ikaacha kula. Darlene alikuwa amejifunika uso. Gordy ananiambia, "Shemeji, kaa chini. Nakuomba, kaa chini."

Rosalind akatazama kifaa chake, akasoma kwa sauti ndogo. Meza ya saa mbili na nusu ilikuwa ya watu watano. Jina: Bernadette Wojcik.

Jina la mama mkwe.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikapiga kelele kwamba kuna mwizi anatumia jina la mama mkwe wangu! Nikanyoosha mkono kumwonyesha kila mtu mama mwenyewe ni yupi, na mkono ukakutana na mhudumu aliyekuwa anakuja na pai ya ndimu iliyochomekwa mshumaa. Pai ikamtua Rosalind kifuani. Mshumaa ulikuwa bado unawaka. Watu wa ulinzi walikuja wawili, wana adabu, wameshiba mazoezi, wakatusindikiza nje.

Kumbe ndicho walichokuwa wananong'ona. Gordy alipata nafasi jana baada ya kuvizia simu siku nzima, wakataka iwe siri ya kumfurahisha Mama. Na mimi nisiaibike, Darlene anasema. Tungetoka tu tukatembee, tukarudi. Sasa kwa nini hawakuniambia? Nikauliza basi zima, kwa nini hawakuniambia?

Fataki zilianza tukiwa kituo cha basi, nyuma ya jengo la maegesho. Tulisikia mshindo tu, na moshi ukapita juu ya paa. Mama alisimama katika gauni lake la buluu, mkoba kifuani, anatazama ukuta wa zege. Nikamwambia Mama, samahani. Akasema, "Marehemu alikuwa anaahidi tu, Verlyn. Hakuwahi kunitoa mezani."

Nimejifungia bafuni. Ndimo ninamoandikia.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya mwisho. Rosalind amempigia Mama simu asubuhi, mwenyewe. Amewapa meza ileile leo, saa mbili na nusu. Kwa watu wanne. Yule bwana mwenye fulana nyekundu, kasema, abaki hotelini.

Nilitegemea watakataa. Nilikaa kitandani nikisubiri mtu aseme, hapana, bila Verlyn hatuendi. Darlene akaniuliza kama nimeiona pasi ya kunyooshea gauni la Mama.

Nimekasirika? Nimekasirika mpaka kucha! Meza niliichagua mimi! Kona niliiona mimi! Nani aliyeonja lile jua?

Saa kumi na nusu nikaenda peke yangu kununua paja la bata mzinga. Muuzaji hakuwa na mteja mwingine. Nililila kwenye benchi, lote, hata sikulifurahia.

Usiku nikasimama kwenye uzio wa laguna, upande wa vyoo. Ukisogea kando ya mtende unaiona ile roshani. Saa tatu anga likapasuka, kijani, dhahabu, nyeupe, na maji yakawaka yote. Nilimwona Mama. Alikuwa amesimama, mikono mdomoni, kisha akaanza kulia na kucheka pamoja, na Gordy kamshika bega, na Darlene na Brielle wamemkumbatia kiunoni. Mhudumu akaleta pai. Hakuna aliyetazama huku niliko. Nimesimama pale mpaka taa zikawashwa.

Waliporudi Mama alibisha mlango. Mwaka ujao nahodha ni Gordy, akasema, na mimi nitakuja, nitakaa, na nitakula saa watakayokula wenzangu. Nikasema sawa, Mama. Akanibusu kwenye paji la uso kama mgonjwa, akaenda kulala.

Sasa wote wamelala na mimi nimelipitia jambo hili lote kwa utulivu. Kosa nimeliona. Ni moja tu, na ni aibu kwamba sikuliona mapema.

Saa kumi na nusu ni kuchelewa. Mwaka ujao nabuku saa tisa.