Direkta wa Mikalitusi ya Mama Amisa

Neno lililomwamsha Bulaimu lilikuwa "mbao".

Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai karibu na soko la Kasongo, akitafuna mkate ambao alitumaini mtu mwingine ataulipia. Kwenye benchi la mbele walikaa watu wawili waliofika kutoka machimbo ya Salamabila, bado wana vumbi la njia kwenye nyusi: Djafari, mnunuzi wa dhahabu, na Mathilde, mama mnene anayewauzia wachimbaji machepe na kamba.

"Mashimo inaanguka juu ya kukosa mbao za kuishikilia," alisema Djafari. "Mbao moja ikifika kwetu, bei yake ni ya mbuzi."

"Mwenye atapata kiwanda cha mbao," Mathilde alijibu, "ule ataokota dhahabu bila kuchimba."

Bulaimu akameza mkate, akasimama, akanyoosha shati. Tuseme haki: shati lilikuwa jeupe kweli. Ndicho kitu pekee alichokifua kwa jasho lake mwenyewe.

"Samahani, wakubwa. Sikutaka kusikiliza. Ni masikio yangu tu hayana adabu. Mimi niko mujumbe wa banki moja ya Ulaya. Tunatafuta watu wa kiwanda cha mbao."

"Mu Kasongo?"

"Wapi tena? Siku hizi banki inaogopa kukata muti wa Mungu. Inataka muti wenye mutu alipanda. Na mimi kilima cha miti ya kupandwa ninacho, njia ya Kabambare. Munaonyesha franga yenu, banki inaongeza mara tatu."

Djafari aliweka kikombe chini. "Mara tatu?"

"Ningesema mara nne, lakini mimi si mwizi."

Mathilde alilipia mkate.

Kilima kilikuwepo, hapo tusimsingizie. Bulaimu alikuwa amekiona mwaka uliopita alipokuwa akipita pale kwa haraka, na watu fulani wakimfuata kwa haraka vilevile. Mikalitusi mitupu, imenyooka safu kwa safu. Alichohitaji ni kuiazima siku moja. Watu wa dhahabu waione, waweke pesa kwenye mkoba wake, naye awe amefika mji wa Kalemie kabla hawajamaliza kupiga makofi.

Mwenye miti alikuwa Mama Amisa, mjane, mtu wa sala tano na maneno machache. Bulaimu alimkuta akipalilia karanga. Mama alimkaribisha vizuri, lakini jembe hakuliweka chini.

"Mama, kazi yako ni kusimama karibu yangu na kutikisa kichwa. Nakuletea vitenge viwili."

"Na miti yangu?"

"Haitaguswa hata jani."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwa wiki nzima, na likatoka kama limeteleza.

Mama Amisa alipalilia mstari mmoja mpaka mwisho, akarudi. "Miti hii mume wangu, Mungu amurehemu, aliipanda miaka kumi na ine kabla ya leo. Watu wa Kasongo wanakuja, wanataka kila muti kwa bei ya kuku. Ningekuwa na mashini ya kuipasua, ningeuza mbao. Banki yako italeta mashini?"

"Italeta, mama. Mungu ni shahidi."

"Usimuite shahidi, baba, kama haukumuuliza kwanza." Kisha akasema, "Basi, uwalete watu wako siku ya posho. Ni siku ya kasha. Watu wa franga wakiona kasha, moyo yao inatulia."

Bulaimu alifurahi sana. Kasha! Kitu cha chuma, chenye kufuli, ambacho mtu anaweza kukifunga nyuma ya pikipiki. Alikuwa mtu wa mji. Alijua makasha mengi, lakini hakuwahi kukaa hata mara moja kwenye kikundi cha akiba cha akina mama wa kijijini.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilifika. Akina mama arobaini walikaa duara chini ya mikalitusi, na katikati kasha dogo la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilikuwa kwa watu watatu: mmoja wa msikitini, mmoja wa parokia, mmoja wa kwa Waprotestanti. Walichaguliwa hivyo kwa makusudi, maana hawa watatu hawajapatana juu ya jambo lolote duniani isipokuwa kwamba kasha lifungwe.

Djafari alishika gome la mti kama mtu anayeshika shavu la mtoto wake. Bulaimu alihubiri. Alitaja mashini, alitaja malori, alitaja mbao zikifika Salamabila kama mvua. Kisha akafungua mkoba wake kwa upole, kama padri anayefungua kitabu.

"Sasa, wakubwa, muweke."

"Hapana," alisema Mama Amisa. "Hapa franga ya watu haikai mu mukoba wa mutu mumoja. Inaingia mu kasha, mbele ya macho."

"Unaona!" Mathilde alimpiga Djafari begani. "Hawa ndio watu! Mimi naongeza." Akaongeza kweli, kutoka sehemu ya nguo ambayo hatutaitaja.

Bulaimu alitabasamu. Kasha lilipofungwa, kufuli moja, mbili, tatu, aliinama kulibeba. "Nitalifikisha banki mimi mwenyewe."

"Kasha haina miguu, baba," alisema Marie-Louise, yule wa ufunguo wa parokia, akiweka kiti chake juu ya kifuniko, na yeye juu ya kiti. "Kwetu, franga inatoka kwa jina lenye iliingia nalo. Iliingia kwa jina gani?"

"Mashini!" Djafari alipaza sauti.

"Basi itatoka kwa jina la mashini. Wenye kukubali, mikono juu."

Mikono arobaini ikapanda, na ya Djafari, na ya Mathilde mwenye bangili. Bulaimu naye akanyoosha. Mikono yote ikiwa juu, mkono ulio chini huulizwa maswali.

Marie-Louise na Djafari wakaenda Kindu kununua mashini. Bulaimu alijitolea kwa moyo wote kuwasindikiza.

"Direkta hawezi kuacha mali," alisema Mathilde, na hivyo ndivyo Bulaimu alivyopata cheo. Alijaribu mara mbili kuchukua pikipiki barabarani atoroke. Mara zote mbili motari, dereva wa pikipiki, alimtambua, akamrudisha bure. "Direkta, umepotea njia!"

Mashini ilipofika, vipande vipande, ikisukumwa juu ya baiskeli sita, Bulaimu alimfuata Mama Amisa shambani. Alikuwa amebakiwa na silaha moja ambayo hakuwahi kuitumia.

"Mama, nataka kusema ukweli. Banki hakuna. Mimi niko mwongo."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Mutu wa banki angeuliza miti iko ngapi. Wewe uliuliza tu kama nitatikisa kichwa."

"Sasa kwa nini haukunifukuza?"

"Miaka ine nawaita watu wa dhahabu tununue mashini pamoja. Hakuna hata mumoja alishuka mu pikipiki. Wewe uliwaleta mu wiki moja. Mungu akitaka kukupa maji, haangalii kama ndoo ni safi."

"Basi niache niende, mama yangu."

"Nenda, baba. Njia ni ile. Lakini Djafari ataniuliza banki iko wapi, na mimi niko mutu wa sala, siwezi kudanganya. Na vijana wa Salamabila wana pikipiki nyingi. Ukibaki, mbao zikaanza kutoka, nani atauliza banki tena?"

Bulaimu alibaki.

Na mbao zikatoka. Wa kwanza kufika alikuwa fundi mmoja wa milango kutoka Kasongo. Alimkuta Direkta kando ya rundo, shati limekuwa rangi ya unga wa mbao.

"Hizi mbao ni nzuri?"

Bulaimu alifungua mdomo. Maneno yake yote yalikuwa ya kuuzia vitu visivyokuwepo, na rundo lilikuwa pale, linanuka utomvu.

"Shika," akasema. "Uone mwenyewe."

Fundi akashika, akagonga, akanusa, akalipa, akaenda zake. Bulaimu akazigeuza zile franga mkononi kwa mashaka makubwa, kisha akainua noti moja juani, aone kama si ya bandia.