Mstari Mwekundu Uliotoka Zamu ya Wifi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeanza daftari hili liwe ushahidi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye nyumba moja, na nasema wazi kwamba anasinzia. Nitaandika kila kitu.

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza kiini cha kompyuta, ile programu iliyokaa chini ya programu zote na kuziamrisha. Anafanyia kazi hapa nyumbani, juu ya meza yangu ya chakula! Ameniambia humo ndani yumo mpekuzi. Mpekuzi anaishika programu nyingine, anaisimamisha, anaipekua mifukoni, kisha anaiambia piga hatua moja. Simama. Haya, nyingine. Nikamwambia ndivyo nilivyomlea baba yako. Akacheka. Sikuwa natania.

Sasa kiini kina kosa. Programu ikisimama, kiini kinatakiwa kimwamshe mpekuzi, kimwambie mtu wako huyo amesimama. Mara mojamoja hakimwamshi. Basi mpekuzi anangoja, programu inangoja, hakuna anayetikisika. Kama mimi na wifi mwaka ule tulionuniana, kila mmoja akingoja mwenzake aamkie.

Bosi amempa mjukuu mpaka Ijumaa. Kosa lisipopatikana, kazi inahamia makao makuu na yeye nyuma yake, safari ya siku mbili kwa basi. Nitabaki na wifi. Mimi na wifi, ukuta kwa ukuta, mpaka mmoja wetu azikwe!

Jumanne, tarehe 5

Mjukuu ametega mtego ndani ya kiini. Kikipita pale anapopashuku, mashine nzima inasimama na kutoa mstari kwenye kioo. Ukiwa mweupe, salama, bonyeza C iendelee. Ukiwa mwekundu, hilo ndilo kosa lenyewe. Usiguse kitu, mpigie simu. Nikauliza kwa nini mashine isijiandikie yenyewe. Akasema ikianza kujiandikia inachelewa kidogo, na kosa linajificha. Kosa lina akili za mwizi!

Wiki hii anaitwa vikao ofisini, kwa hiyo ametugawia zamu za kukaa na mashine. Wifi asubuhi, mimi mchana. Nikataka kujua kwa nini wifi anatangulia. Eti Bibi Mdogo, ndivyo anavyomwita wifi, ana utulivu. Utulivu gani? Yule amelala macho wazi.

Zamu yangu: mistari myeupe arobaini na mmoja. C mara arobaini na moja. Kidole kinauma. Nimekaa, nimesimama, nimefuta meza, nimekaa tena. Nimeuamuru mwekundu utoke. Haukutoka. Hauna malezi.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata hila. Asubuhi nimesogeza saa ya ukutani mbele saa nzima, ili wifi atoke mapema na zamu yangu irefuke.

Wifi akaangalia saa. Akashukuru. Akainuka, akasema kama ni saa saba basi chakula kiko wapi, maana leo mpishi ni wewe. Nikakimbilia jikoni. Sufuria ikaungua, zamu yangu ikaanza na moshi, na wifi akapita mlangoni akiutazama mkono wake wenye saa ndogo, akacheka kwa pua. Alijua tangu mwanzo. Mchawi!

Mistari myeupe thelathini. Mjukuu amerudi, amekula amesimama. Amekonda. Nikamwambia kaa ule kama mtu, akasema Bibi, nikikaa nitalala.

Alhamisi, tarehe 7

Saa nne asubuhi nilikuwa namenya viazi. Wifi akapiga kelele kama aliyejifungua mapacha. Mwekundu, wifi, mwekundu! Simu yake haishiki mtandao sebuleni, akatoka mbio mpaka getini kumpigia mjukuu. Kiti kikabaki kitupu.

Nikakikalia. Kweli ulikuwa mwekundu, na chini yake mistari mitatu ya herufi na namba zilizochanganyika. Zamu ya wifi! Mpaka vitukuu watasimuliwa kwamba Bibi Mdogo ndiye aliyelikamata. Hapana. Haiwezekani.

Nikafikiri haraka. Nikibonyeza C, kosa litakwenda zake, litazunguka, litarudi saa nane nikiwa kitini. Ila lisije likarudi lingine likajifanya ndilo! Nikachukua daftari hili, nikalinakili lile kosa lote ukurasa wa mwisho, alama kwa alama kama mtu anayedarizi, maana sielewi linasema nini. Kisha nikabonyeza C.

Mweupe. Mweupe. Mweupe.

Mjukuu aliingia anahema, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Akatazama mashine. Akauliza nani amegusa. Wifi akaapa kwa kaburi la kaka yake. Mimi nikasema mashine za siku hizi ndivyo zilivyo. Mjukuu akakaa chini sakafuni. Akasema siku tatu, Bibi, siku tatu nimelisubiri, na kesho ndiyo kesho. Hakulia. Afadhali angelia. Baadaye nikamsikia chumbani anajaribu zipu ya sanduku.

Nimekaa zamu yangu mpaka kiuno kimekufa. Haukutoka mwekundu hata mmoja. Kosa lisilo na shukrani!

Ijumaa, tarehe 8

Tangu alfajiri sijatulia. Nimefagia uani mara tatu. Daftari linanichoma. Nikilionyesha, watajua nani alikalia kile kiti. Nisipolionyesha, sanduku linaondoka.

Hila. Nikainakili ile mistari mitatu kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwa mkono wa kushoto, nikaichomeka chini ya kibodi, nikaenda kumenya vitunguu.

Mjukuu akaiona. Akapiga yowe. Nikachungulia mlangoni, na nini naona? Amemkumbatia wifi! Anamwita Bibi Mdogo malaika wangu, kumbe uliandika! Na wifi, mtu ambaye hata orodha ya sokoni huandikiwa, akainamisha shingo kama bi harusi, akasema alifanya alichoweza.

Nilivumilia dakika mbili. Labda moja. Nikaingia na kisu cha vitunguu mkononi, nikapiga meza. Ni mimi! Mwandiko wangu! Daftari hili hapa, na C niliibonyeza mimi, kwa kidole hiki hiki!

Wifi akasema ahaa. Ahaa ndefu, ya kutafuna. Mjukuu akalichukua daftari, akasoma kurasa zote, hata za saa ya ukutani. Shavu lilimcheza, sijui kwa hasira au kicheko. Akaligeukia lile kosa.

Jioni amelipata. Kumbe mpekuzi alikuwa analala kabla hajajiandikisha kwamba anataka kuamshwa. Kiini kikipita katikati hapo, hakioni jina la mtu, kinakwenda zake. Amegeuza mistari miwili tu: jiandikishe kwanza, ndipo ulale. Siku zote hizi kwa jambo hilo? Angeniuliza.

Jumamosi, tarehe 9

Bosi amepiga simu asubuhi. Mjukuu haondoki! Sanduku limerudi juu ya kabati. Nimeimba jikoni mpaka jirani amegonga ukuta.

Kompyuta imehamia chumba cha nyuma na mlango umetiwa kitasa kipya. Ufunguo mmoja anao mjukuu, wa pili kampa wifi. Nimeelewa. Amempa amshikie kwa niaba yangu, kwa sababu mifuko yangu imetoboka.

Lakini sitaki kumsumbua wifi. Nimeshaongea na fundi wa vitasa, atakuja Jumatatu saa tatu, wifi akiwa kliniki. Nimemwambia mimi ndiye msimamizi wa mashine. Mashine yenyewe ina kitufe kikubwa ubavuni, kinawaka taa, na wiki nzima sijamwona mjukuu akikibonyeza hata mara moja. Maskini, hajakiona.