Bawaba Iliyozaliwa Mara Nne

Fundi Maneno aliliona sanduku kabla hajamwona mwenye nalo. Lilifungwa nyuma ya pikipiki nyekundu, kifuniko kimekwenda upande, kimebanwa kwa mpira kama mtu anayeumwa jino. Moyo wake ukachangamka. Kuna watu hufurahi wakiona mtoto mchanga. Yeye alifurahi akiona bawaba imevunjika.

Mwenye sanduku alikuwa mama mmoja mnene mwenye kofia ngumu ya pinki, muuza keki. Alishuka bila haraka, akauliza kama hapo pana fundi. Maneno akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi hata chembe, akamwambia kwamba Mungu ndiye aliyemleta.

Inafaa msomaji aelezwe jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda, maana kila fani ina heshima yake. Maneno hakuwa na karakana. Alikuwa na begi, kigoda, na sanduku moja zuri la alumini kwenye pikipiki yake, lililofunguka na kufungika bila kutoa sauti. Hilo aliwafungulia wateja ili wapate tamaa. Kisha aliziangalia bawaba zao, akatikisa kichwa kwa majonzi, akatangaza kwamba hizi hazitengenezeki, dawa yake ni mpya. Alizing'oa, akaenda nazo nyuma ya ukuta kufuata mpya dukani. Nyuma ya ukuta hapakuwa na duka. Palikuwa na msasa, kopo la rangi ya fedha, na misumari ya kukata iwe pini. Bawaba ile ile ilirudi ikimetameta, na mwenyewe akailipia huku akishukuru. Msumari ulipokatika, na haukuwa na budi kukatika, alirudi kuinunua tena.

Alikuwa mlaghai mwenye utaratibu. Kila bawaba aliyoifufua aliitia chale moja kwa tupa, upande wa chini, ili ikirudi ajue imekwisha kuzaliwa mara ngapi na asimpe mteja uongo ule ule.

Mama Keki alilipa bila kuomba apunguziwe, akaenda zake. Maneno alibaki na wasiwasi kidogo, kwa kuwa alizoea wateja wa kuvutana nao.

Lakini alikuwa na mambo makubwa zaidi kichwani. Alikuwa na mchumba, mshona mapazia, na alimpenda kwelikweli. Hapo hakuna utani. Shida ilikuwa mama wa binti. Huyo mama, ambaye Maneno hajawahi kumwona, alikuwa amesema hampi mwanawe mtu ambaye karakana yake inaning'inia begani. Alitaka kuona mali ya kujaza duka, na Jumapili alikuwa anamsubiri. Mara kadhaa binti alijaribu kumsimulia Maneno habari za mama yake, na kila mara Maneno alikuwa na jambo refu zaidi la kusema.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, Mama Keki akarudi. Kifuniko kilikuwa kimeng'oka njiani, na keki ya maharusi ilifika ukumbini ikiwa na alama ya kiganja cha mama aliyeishikilia isianguke. Maneno alishaanza kuilaumu barabara, lakini mama akamkatiza kwa upole. Hakuja kugombana. Shemeji yake aliyekuwa akiuza vifaa vya pikipiki alimwachia katoni moja stoo, na yeye alitaka nafasi ya kuweka unga. Akaishusha, akaifungua. Ilijaa bawaba, zote zinang'aa.

Maneno alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama dini: kitu unachokitaka usikiguse. Ukikishika utakigeuza, ukikigeuza macho yatakusaliti, na bei itapanda. Kwa hiyo akatazama mawingu. Akapiga miayo.

"Mama yangu, vitu hivi siku hizi havina soko."

"Basi nikavitupe."

"Usijisumbue. Hata taabu ya kutupa nitakubebea mimi."

Mama akasema hataki pesa. Angefurahi tu kupata lile sanduku la alumini, kwa sababu yeye ameona linafungika. Maneno alisikia uchungu, maana lile sanduku ndilo kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho. Lakini aliwaza rafu zilizojaa bawaba, akamwaza mshona mapazia, akakubali. Akalihamishia mwenyewe kwenye pikipiki nyekundu, na akakaza skrubu zote sawasawa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja.

Mama alipopinda kona, Maneno akachukua bawaba ya kwanza, akaigeuza. Chale mbili. Ya pili, chale tatu. Akaimwaga katoni nzima, akakaa kwenye kigoda chake katikati ya watoto wake mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ni rangi: ilipakwa vizuri kuliko yake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Maneno alijiambia kwamba mama mkwe hajui bawaba, na kwake kinachong'aa ni kipya. Jumapili akavaa shati lililonyooshwa, na kwa kuwa pikipiki haikuwa na sanduku tena, akaibeba katoni begani mpaka nyumbani kwa mchumba.

Binti alimfungulia geti bila kumtazama usoni. Uani, kivulini, ilisimama pikipiki nyekundu yenye sanduku la alumini. Alitamani kugeuka, lakini sauti aliyoijua ilikuwa imeshamkaribisha.

"Karibu, mwanangu. Nasikia umeniletea mali ya dukani nione."

Akaifungua katoni, maana hakuwa na la kufanya. Mama Keki akachukua bawaba moja, akaigeuza kama mnunuzi yeyote mwenye akili.

"Hii imezaliwa mara nne," alisema. "Maskini, imechoka."

Mama hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba zile bawaba mpya alizouziwa zilikuwa na sukari ya keki imegandia ndani, na sukari yake anaijua. Akaona na chale. Akawauliza waendesha pikipiki wanaopeleka keki zake, kila mmoja akageuza zake, na waliochoka kununua wakampa. Jina la fundi walipolitaja, alijua huyo ndiye anayemtaka mwanawe. Habari ya shemeji aliitunga, na rangi alipaka mwenyewe, kwa mkono uliozoea kupamba keki.

"Na sanduku langu, Mama?"

"Lako lipi? Tulibadilishana, na ulipiga miayo."

Maneno akainamisha kichwa.

"Unampenda binti yangu?"

"Nampenda."

"Leo umejibu kwa neno moja. Sasa naanza kukuamini."

Masharti yakatolewa. Katoni airudishe mjini, kila bawaba atie pini ya chuma, aifunge kwenye sanduku la mwenyewe, bure. Akimaliza ya mwisho aje wazungumze habari za harusi. Keki itakuwepo, na italetwa kwa sanduku zuri.

Maneno akajitwika katoni. Mshona mapazia akamsindikiza hadi getini, akijitahidi asicheke.

"Ulijua?" Maneno alimuuliza.

"Nilikwambia mara ngapi kwamba mama yangu anauza keki? Ulikuwa unaongea."

Fundi Maneno akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Ulifungika bila kutoa sauti.