Moshi Wangu si wa Bluu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Magari,
Awendo.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUSIMAMISHWA KAZI KWA FUNDI MOGAKA

Natumaini u mzima na gereji zote zina kazi. Mimi ni Stanley Omanga, mwenye ile pikapu kuukuu ya dizeli inayojulikana hapa mjini. Naomba kwa heshima umsimamishe Mogaka, angalau hadi nimrudishe mke wangu Jerusha. Alienda kwao Sindo kwa hasira baada ya kusema gari letu linaumwa, nami nikamjibu kwamba mambo ya injini hayajui.

Sasa Mogaka naye anadai turbo, ile inayoisukumia injini hewa, inakufa, na kwamba nikienda Sindo sitarudi siku hiyo hiyo. Ndugu Mwenyekiti, mila unazijua. Mwanamume halali usiku kwa mama mkwe wake. Kwa hiyo fundi huyu amenikataza kumfuata mke wangu, tena akiwa na spana mkononi. Makosa yake ni haya:

1. Amesema moshi wangu ni wa bluu, eti turbo inavujisha oili na injini inaichoma. Moshi ule ni wa kijivu. Nimeuliza majirani, na waliosema ni wa bluu ni wale tu waliokuwa na nguo kwenye kamba.

2. Pikapu ikipanda mlima hulia kama king'ora. Yeye anauita ugonjwa. Mimi nasema ni adabu, maana malori ya miwa hunisikia yakanipisha. Kweli, siku hizi yakishanipisha hunipita tena mlimani, yakiwa yamejaa miwa.

3. Alifungua paipu ya hewa, akashika kile kifeni cha turbo kwa vidole, kikacheza. Mikono mikubwa vile, kisicheze kwa nini? Ndani ya paipu kulikuwa na oili pia, nami nikafurahi kujua ilikokuwa ikienda.

4. Hili ndilo lililoniuma. Aliniuliza nani alinifundisha kuzima injini papo hapo baada ya safari ndefu, badala ya kuiacha iungurume kidogo turbo ipoe. Nilifundishwa na heshima! Ukifika kwa wakwe unazima gari langoni, unaingia kimya. Ukiliacha likiunguruma, umewaambia hukuja kukaa. Nimezima hivyo tangu nioe. Kama heshima inaua turbo, basi chama chako kiwaandikie wakwe wote wa Homa Bay, kiwaombe radhi kwa niaba ya injini.

Naomba chama kitangaze kwa maandishi kwamba turbo yangu ni nzima. Mogaka akikataa kutia sahihi, ahamishiwe kwenye baiskeli hadi azijue rangi.

Wasalimie mafundi wote, wake zao, na yule mama wa chai pale gereji. Hata Mogaka msalimie, ila kwa mbali.

Wako mwenye gari zima,
Stanley Omanga

Nyongeza: Sikungoja jibu, nimekwenda. Naandika haya nikiwa Sindo, ndani ya pikapu, nje ya ua wa mama mkwe, ilipogoma kabisa. Moshi ni wa bluu. Mama mkwe ameuona akiwa jikoni. Mogaka hakukosea lolote, aje na turbo. Nitalala humu humu garini, mila haikatazi. Jerusha ameniletea chai na samaki, akapanda akakaa hapa mbele, na ananicheka mpaka machozi yanamtoka. Kicheko hicho nilikuwa nimekikosa sana. Kwa hiyo Mogaka usimtume leo. Mtume kesho, tena jioni.