Kamati ya Kuhifadhi Pumzi ya Kiwanda

Inatangazwa kwa umma wa Tukuyu kwamba, kwa kuwa Serikali imelegeza masharti ya biashara, na kwa kuwa kiwanda chetu cha chai kimepata mwekezaji, hewa iliyomo ndani ya kuta zake nayo imebinafsishwa.

Mimi, katibu wa Kamati, niliwafafanulia wajumbe. Tangu Mola alipompulizia Adamu roho, binadamu amebeba soko kifuani. Mapafuni mna vifuko visivyohesabika, kuta zake nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Huku hewa, huku damu. Damu hutua kabonidayoksaidi, hupakia oksijeni, ikaenda zake. Yote hayo bila leseni.

Mwenyekiti, Bwana Ezron, aliguna. "Na oksijeni hiyo si ya mwekezaji?"

Hoja ikapita. Tukayapigilia misumari madirisha ya chumba cha kukaushia chai, mali isivuje. Mlangoni nikaandika mstari niliotunga mwenyewe:

*Pumzi ni ya kiwanda, mja asiivujishe.*

Siku ya kikao akaja Tusekile, mchambuaji wa chai. Baba yake, mzee Ambindwile, huchochea tanuri la chumba hicho, naye ana pumu.

"Shikamooni, wazee. Tata hawezi kupumua. Fungueni japo dirisha moja."

"Hewa imejaa humo hadi darini," akasema Mwenyekiti.

"Imejaa, lakini imeshatumika! Mtu kaoga, nanyi mnamnywesha maji yaleyale?"

"Tutalijadili, binti."

"Jadilini upesi basi. Kifua chake kinapiga filimbi, na si ya harusi."

Akaamriwa asubiri barazani.

Mvua ilinyesha, baridi ikatafuna mifupa. Kwa busara tuliingiza jiko la mkaa katika chumba cha kikao, tukafunga mlango na madirisha, tukaziba upenyo wa chini kwa gunia. Hoja ilikuwa: je, mwenye pumu hatumii hewa kupita kiasi? Mwenyekiti alithibitisha kwamba hewa inatosha. Akathibitisha tena, polepole zaidi. Kichwa changu kikawa kizito. Nikadhani ni uzito wa hoja. Mjumbe Lukasi akasinzia, kura yake ikahesabiwa kuwa ya ndiyo. Mwenyekiti akainua mkono kupitisha azimio. Mkono ukashuka, naye akaufuata.

Tusekile alisikia kiti kikianguka. Akausukuma mlango kwa bega, akatuburuta mmoja mmoja hadi uani, tukihema mvuani kama perege.

Mganga wa zahanati alikuja uani, akatueleza: mkaa ukiwaka pasipo upepo hutoa hewa ya sumu, nayo hukalia kiti cha oksijeni ndani ya damu, wala haikubali kuondoka. Wajumbe walikiri kuwa tabia hiyo si ngeni kwao.

Bwana Ezron, tope kifuani, akatoa azimio: "Fungueni!"

"Hapa pako wazi," akajibu Tusekile. "Twende kwa tata."

Wafanyakazi walimpa Mwenyekiti koleo, wala hakuna aliyemshikia ngazi. Aling'oa misumari yote kwa mkono wake, suti ikitiririka maji. Dirisha la mwisho lilipofunguka, mzee Ambindwile alichomoza kichwa, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. Kisha akamtazama Mwenyekiti, aliyening'inia ngazini akiwa amebana pumzi.

"Ndaga, asante, mheshimiwa," akasema kwa upole. "Pumua na wewe. Hatutamwambia mwekezaji."