Saketi Yangu Haiunguzi Kidole

Jumatatu, 4 Machi

Mama Karakana, mwenye duka letu la kutengeneza spika, katupa mtihani. Kipaza sauti cha mwalimu wa shule ya jirani kinamaliza betri kabla kipindi hakijaisha. Mwizi anajulikana: ile saketi ndogo ya katikati, inayopokea sauti nyonge ya maikrofoni na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Hata mwalimu akinyamaza, yenyewe inakula umeme na kuumwaga kama joto. Atakayepunguza upotevu huo kufikia Ijumaa atakuwa fundi mkuu. Tuko wawili tu, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, na kila mmoja kapewa kipaza kimoja cha aina hiyo. Fundi mkuu! Nimeshaanza kutembea kama mwenye cheo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kashinda siku nzima na mita ya kupimia umeme. Anapima, anaandika, anapima tena. Maskini. Mama haziamini mita. Miaka yote huweka kidole juu ya transista, kile kidude cha saketi kinachokuza sauti, na kuhesabu hadi kumi. Akiungua, kazi inarudi mezani. Asipoungua, imepita. Sasa nihangaike na umeme wa nini? Nitahangaika na kidole.

Nimefunga bamba la bati chini ya transista linyonye joto. Bado inaunguza. Nimeongeza la pili. Kipaza sasa kizito kama pasi ya mkaa.

Jumatano, 6 Machi

Ufumbuzi! Nimechomoa feni kwenye kompyuta mbovu, nikaificha ndani ya kipaza na kuiunga kwenye betri ileile. Transista baridi kabisa.

Mke wangu kaleta chakula, kauliza hiyo feni inakula umeme wa nani. Nikamwambia mambo ya ufundi aniachie. Akasema akili nyingi huondoa maarifa, na kwamba kaka yake angalau hujibu akiulizwa. Imeniuma, sikatai.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemchungulia shemeji. Wala hakuficha, kanivutia kiti. Kasema transista mbili za kila saketi zilikuwa zikifanya kazi kwa nguvu hata pasipo sauti, kwa hiyo kabadilisha rezista moja, kidude cha kubana umeme, na umeme unaoliwa wakati wa kimya ukapungua. Kanionya nisiupunguze hadi sifuri, sauti itakwaruza.

Mshindani gani anatoa siri bure? Ni wazi hataki nifike sifuri. Nimefika sifuri kabla ya chai.

Ijumaa, 8 Machi

Mama kaweka kidole juu ya transista yangu. Kahesabu hadi kumi. Katabasamu!

Kisha akamkabidhi mwalimu vipaza vyote viwili avijaribu darasani. Hilo halijawahi kutokea. Changu kilikwaruza kila neno, feni ikivuma nyuma yake, watoto wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati. Dakika ya kumi na tano betri ikakata roho. Cha shemeji kilimaliza kipindi na kutangaza mapumziko. Nimeula wa chuya.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji ndiye fundi mkuu. Kazi yake ya kwanza: kuniomba, kwa upole wa kuudhi, nitoe feni. Kasema Jumatatu atanifundisha mita. Mke wangu kasema nikubali, si aibu. Nikamjibu nitafikiria.

Nimefikiria kwa saa nzima, bila jazba, nimepata kosa lilipokuwa. Betri ilikuwa ndogo. Feni yangu haikuwa na tatizo lolote. Nimeshaazima betri ya lori. Mwalimu ana mabega mapana, ataibeba tu.