Mwanga Usoni mwa Gudrun

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeshindwa tena. Mwaka wa sita huu. Ushindi wa picha ya mtu katika klabu yetu ya wapiga picha umeenda kwa Preben, fundi bomba mstaafu, jirani yangu. Hilo ningelimeza. Lakini picha yenyewe ni ya mke wangu! Gudrun, bustanini kwetu, jua nyuma yake, anacheka. Mimi hajawahi kunichekea mbele ya kamera tangu tuoane. Imeniuma, sifichi.

Jua likiwa nyuma, uso hutoka mweusi kama sufuria. Wa Gudrun unang'aa. Kwa hiyo kulikuwa na mwanga wa pili mbele yake, wa kujazia kivuli. Ulitoka wapi? Kawaida yetu mshindi huchora ubaoni taa zake zilikaa wapi, ndipo kahawa inamiminwa. Preben alichora jua, akachora Gudrun, akaketi. Akasema hakuna kingine, ni bahati tu. Mwongo. Nilikula keki tatu kwa hasira.

Tarehe 15 Gudrun anatimiza sitini. Siku hiyo picha yake ukutani itakuwa yangu, na atakuwa anacheka.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimemwomba Preben nakala, nikidai ni ya binti yetu. Akanipa kubwa kabisa, bila kinyongo. Inachosha kuchukia mtu wa namna hiyo.

Dhana ya kwanza: flashi. Nilimmulika nayo Gudrun bustanini. Ametoka kama mtu aliyefumaniwa akiiba kuku. Akasema macho anayo mawili tu na bado anayahitaji, akarudi ndani kukata mkate mweusi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Sikukuu ya katiba. Bendera kila nyumba, maduka yamefungwa, ubao wa kurudisha mwanga haununuliki. Nikavisha ubao wa kupigia pasi foili yote ya jikoni. Upepo ukaibandua ikavuka ua. Preben aliirudisha mwenyewe, ameikunja vizuri, akauliza kama tunaoka papa. Gudrun akacheka mpaka akashika ukuta.

Kamera nilikuwa nimeiacha ndani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimechoka, lakini nimekumbuka jambo ambalo hata mwanachama mpya analijua: mwanga wowote huacha alama kwenye mboni ya anayepigwa picha. Nikachukua kioo changu cha kukuzia stempu. Katika jicho la kushoto la Gudrun kuna pande kubwa jeupe. Pande hilo lina miguu. Miguu ina buti za mpira za manjano.

Mtaa huu mwenye buti za manjano ni mimi peke yangu.

Nikamuuliza Gudrun. Akaniuliza kwani nimesahau. Siku ile nilikuwa naanika kile kitambaa cheupe cha meza, cha kitani, alichoachiwa na mama yake, kiwe tayari kwa sherehe. Upepo ukanifunika gubigubi. Nikawa nazunguka mle ndani nikitukana, na Preben ndiyo kwanza anaingia kurudisha ngazi, kamera shingoni.

"Nilikuwa nakucheka wewe, mzee," akasema. "Preben hata sikumwona."

Akanishika shavu. Akauliza kama nimeelewa sasa. Nikasema nimeelewa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeelewa kabisa. Ni kitambaa! Mita tatu kwa moja na nusu, hatua nne kutoka usoni, upande wa kushoto. Yote nimeyapima picha ikiwa mkononi. Nikamwita Preben akishike, nikamwonya asimame wima, asilete mchezo. Mimi nikakaa nyuma ya kamera, pahali pangu.

Mwanga ukatoka uleule, hauna hata kasoro. Gudrun alinitazama kwa muda mrefu. Hakucheka.

Kesho nitakipiga pasi. Nahisi tatizo ni mikunjo.